Mipira ya Masizi

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi, Mama Masizi aliweka mkoba wake juu ya meza ya mlinzi ili ukaguliwe, akalivuta daftari la wageni upande wake. Akaandika tarehe. Akaandika jina lake, lake na la baba yake, kwa herufi kubwa kama daftari lilivyoagiza. Chini ya "Umekuja kumwona nani" akaandika: Profesa. Chini ya "Sababu ya ziara" akaandika: masizi. Mlinzi akampa beji ya plastiki yenye neno MGENI, naye akaibana kifuani kwa kibanio cha kuanikia nguo, maana pini ya beji ile ilikatika mwaka wake wa tatu hapo, na huu ulikuwa wa kumi na tisa.

"Karibu sana, mama," alisema mlinzi. "Ndiyo mara yako ya kwanza kufika kwetu?"

"Nilipita jana kidogo."

Utani huo waliufanya kila siku ya kazi na ulikuwa haujawachosha.

Taasisi ya utafiti ilikuwa na kanuni, na kanuni yenyewe ilikuwa fupi: mwenye kitambulisho ni mfanyakazi, asiye nacho ni mgeni. Mama Masizi alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu. Mkataba ukiisha aliandikiwa mwingine, na kwa kuwa kitambulisho hupewa aliyetimiza miezi minne, hakuwahi kukifikia. Wahenga wanataka mgeni akae siku mbili na ya tatu apewe jembe. Yeye alikabidhiwa brashi ya chuma siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Hakuweka kinyongo, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka, na kwa mcheshi kinyongo hakipati pa kukaa. Lakini kitambulisho alikitaka. Alikitaka chenye picha yake na jina lake, cha kuning'inia shingoni, cha kupita nacho getini bila kuulizwa amemfuata nani. Kila mwanzo wa mwaka alikiomba kwa barua, na kila mwaka barua ilijibiwa kwa adabu: "Ndugu Mgeni, tunakushukuru kwa kututembelea."

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha mwisho cha ukumbi. Humo mlikuwa na pipa la chuma lenye kidirisha cha kioo kikubwa kama kisosi, na ndani ya pipa vijiti viwili vya kaboni vilitazamana ncha kwa ncha. Fundi wa mitambo, msichana mpole aliyependa kuandika kila kitu, alivuta hewa yote nje, akaingiza gesi ya heliamu, akawasha umeme. Vijiti vilichomana kwa mwanga mweupe usiotazamika. Pipa likipoa, Mama Masizi alifungua mfuniko na kukwangua masizi yaliyoganda kwenye kuta, akayatia chupani, akaosha kila kitu. Kanuni ilikataza mtu kukaa chumbani vijiti vinapowaka. Lakini mpira wa maji ya kupoza ulikuwa na tabia ya kuchomoka, na lazima awepo wa kuushika, kwa hiyo palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa yeye, akiimba. Profesa alifika saa nne, kila kitu kikiwa kimeshapoa.

Profesa hakuwa mtu mbaya. Alimsalimu kila mtu, akauliza hali za watoto, hata kwa wasio na watoto. Masizi aliyatia kwenye mashine yake ya kupimia vipande, nayo ikamwambia kila kipande kimeungwa kwa chembe ngapi za kaboni. Vipande vya kila namna vilikuwa vinakuja na kupotea, ila kimoja hakikosi: cha chembe sitini. Sitini ilikuwepo kila siku, imekaa kama shemeji asiyeaga. Kwa miaka sita Profesa alijiuliza chembe sitini zinakaaje pamoja zikatulia hivyo, bila hata moja kutafuta pa kujishikiza. Alichora kwenye ubao wa chumba kile pembesita zilizoungana na pembesita nyingine, kama sega la nyuki, na kila mara pembeni zilibaki chembe zimenyoosha mkono hewani bila wa kuushika.

Alhamisi moja umeme ulikatika asubuhi, kazi ikachelewa, na Profesa alipoingia vijiti vilikuwa bado vinawaka. Mama Masizi alikuwa anapiga deki chini ya ubao, mpira wa maji ameukanyaga usichomoke. Akainua macho.

"Profesa, hiyo haifungi."

"Ipi, mama?"

"Hiyo uliyochora. Sita kwa sita kwa sita. Hiyo ni mkeka. Utaunga mpaka uzeeke, mpira hautoki hapo."

Alijua anachosema. Kabla ya taasisi alishona mipira ya miguu kwa mkono miaka ishirini na miwili, katika karakana ya wanawake kumi na wawili, mpira umebanwa magotini, sindano mbili, uzi mmoja wa nta, mpaka ilipokuja mipira ya kugandishwa kwa mashine na karakana ikafungwa. Kila mshonaji mpya pale alikaribishwa kwa namna moja. Alipewa gunia la vipande vya pembe sita tupu, akaambiwa ashone mpira, kisha wote wakainamia kazi zao kama hawamwoni. Wengine walitanabahi mchana. Mama Masizi alishona siku mbili, kwa bidii, na alichopata kilitandikwa mlangoni watu wafutie miguu. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Profesa, kwa hesabu hiyo, alikuwa na mwaka wa sita kwenye gunia lake, na hakuwa na wa kumcheka akamwokoa.

Mama Masizi akachukua boksi la glavu, akakata vipande kwa mkasi, akakiweka cha pembe tano katikati na vya pembe sita vitano kukizunguka, akavuta kingo zikutane. Karatasi ikainuka yenyewe ikawa bakuli.

"Umeona? Ya tano ndiyo inayokunja. Na za tano zisigusane, kila moja izungukwe na za sita. Za tano kumi na mbili, za sita ishirini. Zikiwa kumi na moja utabaki na tundu."

"Na kona ngapi, mama?" aliuliza Profesa polepole.

"Sitini," alisema, bila kuhesabu, kama aliyeulizwa ana watoto wangapi. "Kila kona mishono mitatu."

Profesa aliweka chaki chini. Akasema asante mama, akalichukua bakuli la karatasi kwa mikono miwili, akaenda nalo ofisini kwake akafunga mlango kwa upole.

Alasiri pipa lilipopoa, Mama Masizi alifungua mfuniko na hakukuta masizi. Kuta zilikuwa safi. Chini kabisa palikuwa na mpira mweusi, mkubwa kama chungwa, wazi katikati ya kona na kona, kama kikapu kilichofumwa pande zote bila mdomo. Akauzungusha mkononi akihesabu kwa kidole gumba. Kumi na mbili za tano. Ishirini za sita. Vipande vya namna hiyo kwa kawaida ni vidogo mno. Hupangwa makumi ya maelfu ndipo vitoshe upana wa unywele mmoja. Huu ulikuwa umekua. Fundi alisema huenda ni kwa sababu ya mtungi mpya wa heliamu, akaandika daftarini: "Masizi, hakuna. Mpira, 1."

Kesho yake palikuwa na mwingine, na siku ya kazi iliyofuata mwingine. Fundi aliipima kama alivyofunzwa. Aliurusha mmoja ukutani kwa nguvu zake zote, ukadunda ukarudi mkononi mwake bila mchubuko. Aliubana mwingine kwenye jiriwa mpaka ukawa bapa kama sarafu, na alipolegeza ukarudi duara na kutoa sauti ya kuridhika. Mmoja waliutumbukiza kwenye beseni la kiyeyushi, na kiyeyushi chote kikageuka zambarau, rangi nzuri ya kutosha kuwaita watu wa ghorofa ya juu waje kutazama. Mama Masizi ndiye aliyeosha beseni. Alirudi nyumbani na mikono ya zambarau mpaka vifundoni, rangi isiyotoka kwa sabuni.

Mumewe alimpokea kwa filimbi.

"Faulo! Umeiba wino wa nani?"

Aliitwa Refa. Alikuwa fundi saa mstaafu, na jina alilipata kutokana na filimbi ya chuma iliyoning'inia shingoni mwake tangu ujana, si kutokana na mechi, maana katika maisha yake yote hakuwahi kupewa mechi yenye timu mbili kamili. Alipuliza chai ikizidi sukari. Alipuliza majirani wakigombana, akawatenganisha. Mkewe alikuwa na kadi za njano zaidi ya mia mbili, zote za mapenzi.

"Ni mpira wa masizi," alisema Mama Masizi. "Nao una sauti ndani."

"Ya nani?"

"Yangu, nadhani. Sijawahi kujisikia kwa nje."

Sauti ilikuwa imegunduliwa na Fundi siku ileile, alipotikisa mpira wa kwanza akasikia kitu kinazunguka ndani bila kugusa ukuta. Aliuweka sikioni. Baadaye alimweleza Mama Masizi kwamba mambo yenyewe ni ya kawaida: mpira ule ni tundu tupu, na unapojifunga, kilicho karibu hufungiwa humo, kikakaa salama bila kushikwa na chochote. Mingine hufungia chembe ya chuma. Huu ulifungia maneno. Yalisikika vizuri kabisa: "Profesa, hiyo haifungi. Hiyo ni mkeka." Na baada ya hapo, kwa mbali, sauti ya Profesa: "Na kona ngapi, mama?" Mipira mingine ilikuwa na nyimbo, na mmoja ulikuwa na Mama Masizi akiugombeza mpira wa maji kwa kuchomoka.

Profesa aliletewa ule wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sauti imetoka safi," alisema.

Ilipofika mipira sitini, Profesa aliagiza pipa lipumzike, akaandika barua kwa Jopo la Wagunduzi. Jopo hilo lilikuwa na daftari kubwa la ngozi, na aliyeandikwa humo, kwa kanuni ya taasisi, alipewa kitambulisho cha kudumu papo hapo, kikiwa bado na joto la mashine. Fundi alikimbia ukumbi mzima kumletea Mama Masizi habari hiyo.

"Safari hii hawana pa kutokea, mama. Sauti ni yako, maneno ni yako. Mwenye masikio haambiwi sikiliza."

"Mwanangu, usinipe moyo mkubwa, kifua changu kidogo."

Lakini moyo ulikuwa umeshakua. Jioni hiyo alitoa kopo la zamani lenye nta, sindano mbili na kibonge cha uzi, akakaa mlangoni akashona kamba ya kitambulisho, mshono uleule wa mipira, unaobana zaidi kadiri unavyovutwa. Refa alimpima shingoni mara tatu, akashauri iwe ndefu kidogo ili jina lisomeke hata na wafupi. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alisahau kupuliza.

Jopo lilikuwa la watu watano na chupa tano za maji. Mipira sitini ilipangwa juu ya meza ndefu, na Fundi akaipokeza mmoja mmoja, kila mjumbe akasikiliza na kumpa jirani yake. Hakuna aliyeshtuka. Mjumbe wa pili alitikisa kichwa kwa wimbo fulani, akaomba kurudishiwa mpira wa ishirini na saba. Katibu alikuwa anaandika. Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu mwenye kalamu mbili, alimwita Mama Masizi mbele.

"Sauti hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Yote?"

"Isipokuwa pale Profesa anapouliza kona."

"Katibu, andika: sauti ni ya huyu mama." Katibu akaandika. Mama Masizi alishika kamba mfukoni mwake. "Na haya maneno ya tano kumi na mbili na sita ishirini, ulimwambia Profesa, au Profesa alikuambia wewe?"

Profesa akajibu kabla yake, na hapa lazima apewe haki yake. "Aliniambia yeye," alisema. "Mimi nilikuwa nachora mkeka."

Jopo lilipiga makofi. Mama Masizi aliletewa soda. Kisha mwenyekiti akaomba madaftari ya getini, na mlinzi akayaleta kwa mkokoteni, yote kumi na tisa. Alifungua la juu, akafungua la katikati, akafungua la chini kabisa ambalo kurasa zake zilikuwa za manjano.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Na kila siku, hapa, umeandika umekuja kumwona nani?"

"Profesa."

"Basi," alisema mwenyekiti, bila ubaya wowote, kama anayesoma saa. "Kanuni ya arobaini na moja. Kinachogunduliwa na mgeni ndani ya taasisi ni cha mwenyeji wake. Tunampongeza Profesa."

Kitambulisho cha Profesa kilichapishwa palepale ingawa alikuwa nacho kingine. Akaombwa aseme neno. Alisimama, akamtazama Mama Masizi, na neno lingine lilionekana likimpanda kooni, kisha likashuka. Akasema: "Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone." Wote wakacheka, kwa kuwa methali iliangukia mahali pake.

Iliuma. Miaka kumi na tisa alikuwa anaandika jina la Profesa kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi nzuri, akidhani anajaza daftari. Mama Masizi alimaliza soda yake, maana haikuwa na kosa, akaiachia kamba mfukoni, akaaga.

"Haya, mimi naondoka. Kwaherini."

Mipira ilikuwa imeizoea sauti hiyo. Alipofika mlangoni, wa kwanza ulibingirika mezani, ukaanguka, ukadunda, na mingine ikaufuata. Ilimfuata ukumbini kwa mdundo wa mvua ya kwanza kwenye bati, ikashuka ngazi mojamoja, ikampita mfanyakazi wa posta aliyesogea ukutani kuipisha, na ikajipanga nyuma yake mbele ya meza ya mlinzi. Wajumbe walitazama kutoka juu. Mjumbe wa pili alionekana anapunga mkono.

Mlinzi alipokea beji ya MGENI, akaitazama foleni ile.

"Mama, mali ya taasisi haitoki bila kibali."

"Najua."

Mlinzi akachukua mmoja, akausikiliza. Ulikuwa unaimba. Akachukua mwingine.

"Sauti ya nani hii?"

"Yangu. Jopo limeshaandika."

Mlinzi alipekua kanuni zake mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na alikuwa na muda. Kisha akavuta daftari, na chini ya "Vitu binafsi vya mgeni vinavyotoka naye" akaandika: sauti, sitini. Akainua kizuizi cha geti mpaka juu, ambacho kwa kawaida huinuliwa kwa magari tu.

Jumamosi wale washonaji wa karakana walikuja nyumbani kwake. Kati ya kumi na wawili mmoja alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo pamoja na Mama Masizi walibaki kumi na mmoja, wengine na fimbo, mmoja na goti la bandia. Waliipokea mipira kwa ukali wa kazi, wakaigeuza, wakaipiga kucha.

"Nani kashona huu? Mbona mshono siuoni?"

"Moto," alisema Mama Masizi.

"Na moto umefundishwa na nani?"

"Na mimi."

Wakatikisa vichwa kukubali; huko kwao hakukuwa na sifa iliyozidi hiyo. Wa goti la bandia aliukaza mmoja magotini kwa mazoea, akatafuta kasoro, hakuiona. Ndipo aliyekuwa mdogo wao, mwenye miaka hamsini na tatu, akasema jambo ambalo wote walilijua na hakuna aliyewahi kulisema: tangu wazaliwe hawajapiga mpira teke. Karakana ilikataza. Mpira uliopigwa ni mpira uliotumika, na uliotumika hauuziki. Walishona mipira mingi isiyo na idadi, wakaitazama ikiondoka kwenye maboksi, na miguu yao ilibaki chini ya benchi.

"Kumi na mmoja," alisema Refa. Alihesabu tena kwa kidole. "Ninyi ni kumi na mmoja."

Alitoka mbio mtaani akiwa na ndara moja, akarudi na timu ya pili: kinyozi, muuza maji, wapangaji wawili wa nyumba ya jirani, mwalimu wa hesabu, na wengine waliokuwa wanapita tu na shughuli zao. Alisimama katikati ya uwanja nyuma ya nyumba, akavuta pumzi ambayo alikuwa ameiweka miaka arobaini, akapuliza.

Ile mechi haikuwa na ufundi. Wanawake walikimbia wote kuelekea kokote mpira ulikokwenda, wakiinua nguo, wakicheka mpaka wakakosa nguvu za kukimbia. Mpira haukupasuka, haukupungua upepo, kwa kuwa upepo haukuwamo. Kila ulipopigwa uliongea. Ulisema "Profesa!" ukipaa, ukasema "Hiyo ni mkeka" ulipopita juu ya lango, na kinyozi aliyekuwa golikipa akaujibu kwamba yeye pia ameona. Mwalimu wa hesabu alisimama katikati ya mchezo akahesabu kona, akapata sitini, akapigwa kikumbo na mwenye fimbo. Refa hakutoa kadi hata moja kwa aliyestahili. Alimpa mkewe nyekundu dakika ya themanini bila sababu, kisha akaifuta, kwa raha tu ya kuwa na madaraka hayo. Washonaji walishinda mabao matatu kwa mawili, la mwisho likifungwa na goti la bandia, na Mama Masizi alikaa chini kwenye vumbi na mikono yake ya zambarau akacheka mpaka akatokwa machozi. Mengine yalikuwa ya Jopo, lakini mengi yalikuwa ya kicheko.

Jumatatu, saa moja kasoro dakika tano, aliweka mkoba juu ya meza ya mlinzi. Akaandika tarehe. Akaandika jina lake. Chini ya "Umekuja kumwona nani" alisita kidogo, kisha akaandika jina lake tena, lake na la baba yake.

Mlinzi alilisoma. Akatoa orodha ya wafanyakazi, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alirudia, kwa kuwa alimtakia heri.

"Huyu hayupo, mama."

"Umetafuta vizuri?"

"Mara mbili."

"Basi nitamsubiri," alisema Mama Masizi, akacheka, akalikata jina kwa mstari mmoja, akaandika: Profesa. Mlinzi akampa beji ya MGENI. Kibanio cha nguo alikuwa amekiacha nyumbani. Alitoa kamba mfukoni, akaipitisha kwenye tundu la beji, akaivaa shingoni. Ilikuwa ya urefu uleule aliopima Refa, na neno lilisomeka hata na wafupi.

Mlangoni mwa chumba cha mwisho palikuwa pamebandikwa kibao kipya cha shaba. Kilikuwa na jina la Profesa, na chini ya jina, picha ya mpira. Mchongaji alikuwa amechora pembe sita tupu, moja baada ya nyingine, mpaka pembeni. Kusafisha vibao vya shaba ilikuwa sehemu ya kazi ya Mama Masizi, mkataba wa sabini na saba, kifungu cha sita. Akapulizia pumzi, akasugua kwa kitambaa, mkeka wote, mpaka ukang'aa.

Kisha akaingia. Mapumziko ya pipa yalikuwa yameisha: Fundi alikuwa ameshavuta hewa, ameshaingiza heliamu, anamngojea kwa kidole juu ya swichi. Mama Masizi alikaa kwenye kigoda, akaushika mpira wa maji usichomoke, akasafisha koo. Vijiti vikawaka, naye akaanza kuimba mara moja na kwa sauti ya juu, maana mpira haujijazi wenyewe.